Mageuko, mageuzi au mabadiliko: neno lipi kwa jambo lipi

Ukiandika kwa Kiswahili juu ya namna viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi, hata sentensi ya kwanza haijaisha utakuwa umeshalazimika kuchagua neno. Wapo wanaoandika mageuko, wapo wanaoandika mageuzi, na wapo wanaokwepa ugomvi wote kwa kusema mabadiliko. Hutamkosa pia anayesema maendeleo ya binadamu akiwa na maana ya zamadamu wa Olduvai. Wote wanaeleweka kwa kiasi chao. Ila maneno haya manne hayabebi mzigo mmoja, na msomaji asiye mtaalamu hulipokea wazo la sayansi kwa sura ya neno alilopewa.

Nitoe msimamo mapema, asiye na muda aondoke nao. Kwa viumbe hai andika mageuko. Kwa katiba, polisi, elimu na vyama andika mageuzi. Mabadiliko ni neno la jumla, linaingia popote lakini halisemi mengi. Maendeleo liweke mbali na baiolojia kabisa. Sababu ndizo zinazohitaji nafasi, maana kila moja ya kanuni hizo ina mahali inapopwaya.

Kugeuka na kugeuza

Mzizi ni mmoja. Geuka ni kitenzi cha kitu kinachopatwa na hali. Si lazima umtafute aliyekifanya hivyo. Geuza kinamtaka mtendaji: nani kageuza, na kageuza nini? Kutoka geuka tunapata mageuko, kutoka geuza tunapata mageuzi. Mazoea haya yamejaa katika lugha. Tetemeko la ardhi, maporomoko ya mawe, mmomonyoko wa udongo, mlipuko wa volkano: yote yanaishia na -ko, na yote ni mambo yanayotokea bila mtu kuitisha kikao. Upande wa pili kuna uchaguzi, uteuzi, maamuzi, mapinduzi. Huko lazima awepo aliyechagua, aliyeteua, aliyeamua, aliyepindua.

Jozi inayoonyesha tofauti hii vizuri zaidi ni ongezeko na nyongeza, ingawa nyongeza imeundwa kwa njia nyingine. Ongezeko la watu halina mwenyewe. Nyongeza ya mshahara ina mwenyewe, na ikichelewa unajua mlango wa kubisha. Hata mtoto wa shule hasemi "nyongeza ya watu duniani", na hajafundishwa kanuni yoyote. Sikio lake tu linakataa. Mageuko na mageuzi yangestahili kutenganishwa na sikio hilohilo, ila kwa kuwa si maneno ya kila siku, sikio halijapata mazoezi.

Kanuni hii haijanyooka kama hesabu. Mabadiliko ya tabianchi yanaishia na -ko, na chanzo chake kinajulikana: uchomaji wa makaa ya mawe na mafuta, ukataji wa misitu. Mfumuko wa bei nao una watu nyuma yake mara nyingi. Isitoshe, mwenye nia ya kujificha hupata hifadhi nzuri ndani ya -ko. "Kumetokea mabadiliko ya ratiba," anasema yuleyule aliyeibadilisha. Kwa hiyo -ko haithibitishi kwamba mtendaji hayupo. Inaturuhusu tu tusimtaje. Kwenye baiolojia ruhusa hiyo ndiyo tunayoihitaji.

Mageuzi na majirani zake wa kisiasa

Sababu ya pili ya kuyaachia siasa mageuzi ni kwamba siasa ilishayachukua zamani. Vyama vingi viliporudishwa Tanzania mwaka 1992, kimojawapo cha vyama vilivyochipuka kililibeba neno hili kwenye jina lake, NCCR-Mageuzi, na mwaka 1995 Augustine Mrema aligombea urais kwa tiketi yake. Kenya, waliodai kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kiondolewe, na kikaondolewa Desemba 1991, ni wapigania mageuzi mpaka leo katika simulizi za nchi hiyo. Tangu hapo yamefuata mageuzi ya polisi, mageuzi ya mahakama, mageuzi ya elimu. Kwa msomaji aliyeziona enzi hizo, mageuzi yana bendera, mikutano ya hadhara na mabomu ya machozi. Halafu unamletea mageuzi ya nyangumi. Ataelewa, ndiyo, lakini kwanza atatafuta ni nani aliyekuwa madarakani.

Ndani ya siasa kwenyewe uchaguzi wa neno una uzito wake, na hapa mageuzi yana majirani watatu. Mapinduzi ni kupindua: kilichokuwa juu kinakwenda chini. Zanzibar inaadhimisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na chama kilichozaliwa 1977 kwa kuunganishwa TANU na ASP kikaitwa Chama Cha Mapinduzi. Marekebisho ni kazi ndogo zaidi, kifungu hiki au kile kinanyooshwa na mengine yanabaki. Mageuzi yamekaa katikati: nyumba haibomolewi, lakini kuta za ndani zinahamishwa. Mabadiliko halitaji ukubwa wowote, na pengine ndiyo maana linapendwa majukwaani. Katika kampeni za 2015 Tanzania, wafuasi wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, waliimba mabadiliko mchana na usiku; neno lile lilimruhusu kila msikilizaji ajaze la kwake.

Ukiwa mwandishi wa habari, basi, usilitumie mabadiliko pale unapojua ukubwa wa jambo. Kama ni kifungu kimoja, sema marekebisho. Kama ni mfumo mzima umesukwa upya na mwenye mamlaka, sema mageuzi. Mapinduzi yana hatari yake, kwa sababu yametumika pia kwa mambo ya taratibu kama mapinduzi ya viwanda, yaliyochukua miongo mingi, na siku hizi kila programu mpya ya simu inatangazwa kuwa mapinduzi. Neno linachakaa kwa kuvaliwa kila siku.

Tembo wa Gorongosa

Turudi kwa viumbe, tuangalie kisa kimoja kwa karibu tuone kama mageuzi yangelifaa.

Msumbiji ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya 1977 na 1992. Katika hifadhi ya Gorongosa tembo waliuawa kwa wingi, pembe zao zikigharimia vita na nyama ikiwalisha wapiganaji, hadi zaidi ya asilimia 90 ya tembo wa hapo wakatoweka. Kabla ya vita, majike waliozaliwa bila pembe walikuwa wachache, chini kidogo ya mmoja kati ya watano. Baada ya vita walifika karibu nusu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba hali hiyo inarithiwa kupitia jeni: jike asiye na pembe huweza kuwarithisha binti zake. Muuaji alimpita jike huyo kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuuza, naye akabaki kuzaa.

Sasa uliza: nani aligeuza? Tembo hakuamua kuziacha pembe. Jike hakuziona bunduki akaazimia kuzaa watoto wasio nazo. Mwindaji naye hakutaka tembo wasio na pembe. Alitaka kinyume chake kabisa, na kwa kuzitaka pembe akazipunguza. Yupo aliyefyatua risasi, lakini hayupo aliyegeuza. Kundi liligeuka. Hilo ndilo neno mageuko linalolisema bila kuongeza maelezo, na mageuzi haliwezi kulisema bila kuomba radhi.

Tofauti hii ya sauti moja inagusa kosa la kale. Mwaka 1809 Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck aliandika kwamba viumbe hubadilika kwa kutumia au kutotumia viungo vyao, na kwamba wanachokipata maishani huwarithisha watoto; twiga hujinyoosha kufikia majani ya juu, na shingo hurefuka kwa juhudi hiyo. Kwa Kiswahili tunaweza kumsahihisha kwa kubadili mnyambuliko tu. "Twiga alirefusha shingo yake" ni Lamarck. "Shingo za twiga zilirefuka kizazi baada ya kizazi" inaelekea kwa Charles Darwin, kwa sababu hakuna twiga hata mmoja aliyeirefusha ya kwake; wenye shingo fupi waliacha watoto wachache zaidi. Ukihariri makala ya sayansi, pita ukiwatafuta -sha na -za waliojificha kwenye vitenzi vya wanyama. Samaki hawakupoteza macho ili waishi mapangoni. Chui hakujitengenezea madoadoa. Ukikuta "ili" imekaa karibu na kitenzi cha aina hiyo, simama uisome sentensi tena.

Mageuko ni zuri, lakini geuka ni mtego

Hapa ndipo pendekezo langu linapokuwa na kovu, na sioni namna ya kulificha. Jina mageuko linafaa, lakini kitenzi chake hakifai sana.

Katika hadithi zetu mtu hugeuka chui, msichana hugeuka ndege, mchawi hugeuka fisi usiku na asubuhi anageuka tena mtu. Ni mwili mmoja, mara moja, mbele ya macho. Ndiyo maana geuka kinawafaa kabisa wadudu na vyura: kiwavi hugeuka kipepeo, kiluwiluwi hugeuka chura. Aliyeanza na aliyemaliza ni kiumbe yuleyule. Mabadiliko haya ya umbo, ambayo vitabu vya baiolojia huyaita metamofosisi, hayana uhusiano na mageuko ingawa yanakula kitenzi chake.

Ukimwambia mtu "nyani aligeuka binadamu", umempa hadithi ya aina hiyo. Naye atakujibu kwa swali linalosikika kila mahali: mbona nyani wa leo hawageuki? Wengi humcheka anayeuliza. Mimi naona swali ni halali kabisa, kwa sababu kitenzi ndicho kilichoahidi. Kama kiwavi wa mwaka jana aligeuka na wa mwaka huu anageuka, nyani naye ana udhuru gani?

Weka sentensi tatu pamoja uone zinavyotofautiana:

"Nyani aligeuka binadamu." Hii ina makosa mawili. Kitenzi kinadai mwili mmoja, na mnyama aliyetajwa siye.

"Binadamu alitokana na nyani." Kitenzi sasa ni kizima, kutokana na jambo hakudai mwili mmoja wala siku moja, na kinaruhusu maelfu ya vizazi katikati. Lakini mnyama bado siye. Nyani ni yule wa makundi makubwa ya ardhini, mwenye pua ndefu kama ya mbwa. Kwa ukoo yuko mbali nasi kuliko sokwe na gorila. Kiswahili hakina umaskini hapa: kina nyani, tumbili, kima, ngedere, mbega, na kina sokwe. Kuwatia wote kwenye nyani ni uvivu wa mwandishi.

"Binadamu na sokwe wana mhenga mmoja aliyeishi takribani miaka milioni sita hadi saba iliyopita." Hii ndiyo ya kuchagua. Inamwacha sokwe awe sokwe na binadamu awe binadamu, kila mmoja amefika alipo kwa njia yake, na swali la kwa nini sokwe hageuki halipati mahali pa kushika. Wengine huandika babu mmoja. Si vibaya, ila babu ni mtu unayeweza kumtembelea, na mhenga analeta umbali unaotakiwa. (Wahenga hawa, bahati mbaya, hawakutuachia methali.)

Kwa hiyo nasema jina mageuko na vitenzi -tokana, -badilika, -tofautiana. Mageuko ya tembo, lakini tembo walibadilika. Mageuko ya binadamu, lakini binadamu alitokana. Ni kama kumwalika mtu na kumwomba ndugu yake asije, najua, lakini kila lugha ina majirani wasiopatana.

Kwa nini maendeleo lisikaribie

Maendeleo ni kwenda mbele. Katika matumizi ya kila siku limeshapata sifa njema isiyoondoka: barabara, zahanati, maji ya bomba. Nchi zina mipango ya maendeleo, vijiji vina kamati za maendeleo. Ukisema maendeleo ya viumbe umeshamwambia msomaji kwamba wa mwisho ni bora kuliko wa kwanza, na kwamba msafara wote ulikuwa unakuja kwetu.

Olduvai inakanusha jambo hili. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, na meno ya nyuma makubwa ya ajabu. Watu wengi wamemweka Zinjanthropus kwenye foleni ya mababu, mmoja nyuma ya mwingine, kila anayefuata amenyooka mgongo zaidi. Lakini yeye hayumo kwenye foleni yetu. Wanasayansi wanamhesabu kuwa tawi la pembeni lililokauka bila kuacha mtoto. Mwaka 2024 zilitangazwa nyayo kutoka upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, Kenya, zenye miaka kama milioni 1.5: kwenye tope lilelile, katika muda usiozidi saa au siku chache, walipita zamadamu wa aina mbili. Watafiti wanaona mmoja ni wa tawi la Zinjanthropus na mwingine ni Homo erectus, aliye karibu zaidi na sisi. Foleni haiwezi kueleza nyayo hizo. Mti wenye matawi unaweza.

Ushahidi wa pili ni mdogo kwa umbo lakini unanivutia zaidi, kwa sababu unarudi nyuma. Vimelea vya malaria vilipokuwa sugu kwa klorokwini, Malawi iliacha kuitumia dawa hiyo mwaka 1993. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vikapoteza faida yao, na wale wasio sugu wakawazidi tena kwa wingi. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikuta klorokwini inawaponya karibu wagonjwa wote waliopewa katika majaribio huko Blantyre. Usugu ulikuja, usugu ukaondoka, na kote kuwili ni mageuko. Ukiuita wa kwanza maendeleo, wa pili utauitaje?

Hata lugha zilizotutangulia katika sayansi hii ziliteseka na jambo hilo. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri, evolution, limetoka kwenye Kilatini, kukunjua gombo, yaani kufunua kilichokwisha kuandikwa ndani. Darwin hakulitumia jina hilo katika toleo la kwanza la kitabu chake cha 1859 juu ya asili ya spishi. Alizungumzia kushuka kwa nasaba pamoja na mabadiliko. Jina likaja kuingia katika toleo la sita, mwaka 1872, watu wakiwa wameshalizoea. Kwa kipimo hicho mageuko hayako vibaya. Kugeuka hakusemi unaelekea wapi.

Vimezoea au vimekuwa sugu?

Hili linahusu watu wengi kuliko yote yaliyotangulia, maana linasemwa kila mahali pa kununulia dawa. "Vijidudu vimeizoea dawa." "Mbu wamezoea dawa ya chandarua." Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja katika maisha yake: unapanda mlima mrefu, siku za kwanza unahema, kisha mwili unazoea. Ukishuka, mazoea hayo yanaisha, na mtoto wako harithi chochote.

Mbu hakuzoea. Mbu aliyetua kwenye chandarua na hakuwa na kinga alikufa hapohapo, hakupata nafasi ya kuzoea kitu. Aliyebaki alizaliwa tayari na tofauti fulani katika jeni zake iliyomwezesha kustahimili sumu, akataga mayai, na watoto wake wakaja nayo. Baada ya vizazi kadhaa, na vizazi vya mbu ni vifupi, kundi zima limekuwa sugu. Neno usugu lipo, linafahamika, wizara za afya zinalitumia: usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lichague hilo. Kuzoea kunamfanya mgonjwa afikirie kwamba tatizo ni mwili wake uliochoshwa na dawa, kwa hiyo anabadilisha dawa kiholela au anapumzika katikati ya dozi. Anayejua kwamba vijidudu vinachujwa, na vile vigumu ndivyo vinavyobaki kuzaana, huwa na sababu ya kumsikiliza daktari na kumeza kama alivyoelekezwa.

Nimesema vinachujwa makusudi. Wazo kuu la Darwin, lile la asili kuwabakiza wanaofaa, limetafsiriwa kuwa uteuzi wa asili, uteuzi asilia, na pia uchaguzi wa asili. Yote mawili yana -zi na yote mawili yana mtu ndani. Uteuzi kwa msomaji wa magazeti ni barua kutoka Ikulu. Uchaguzi ni masanduku ya kura. Asili haimteui yeyote. Mimi ninapoeleza kwa maneno yangu huandika mchujo: wengi wanaingia, wachache wanapita, na chujio halijui linafanya nini. Mchujo wa asili haujazoeleka vitabuni, kwa hiyo katika mtihani au tafsiri rasmi bakia na uteuzi asilia. Katika makala ya kawaida, andika uteuzi asilia mara moja ili anayelijua alitambue, kisha endelea na mchujo.

Pale yote mawili yanapokutana

Kuna mambo yenye mageuko na mageuzi kwa pamoja, na hapo ndipo tofauti inapolipa. Chukua Kiswahili chenyewe. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi zilizotawaliwa na Uingereza Afrika Mashariki, ikasanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, ikasimamia tahajia na kamusi. Hayo ni mageuzi: kuna waliokaa, wakaamua, wakaandika. Lakini neno simu, lililokuja na maana ya waya, likatumika kwa telegramu, likahamia kwenye chombo cha kuongelea, na sasa liko mfukoni bila waya wowote. Hakuna kamati iliyolihamisha. Hayo ni mageuko. Mara nyingine mageuzi hugonga mwamba wa mageuko: tarakilishi iliundwa kwa uangalifu ichukue nafasi ya kompyuta, shule zikaifundisha, na wasemaji wengi wakaendelea na kompyuta.

Ukiandika "mageuzi ya Kiswahili" umeahidi historia ya kamati, mabaraza na wizara. Ukiandika "mageuko ya Kiswahili" umeahidi historia ya vinywa vya watu. Kitabu kizuri kingekuwa na vyote viwili, ila msomaji ana haki ya kujua ameanza na kipi. Hivyo hivyo kwa teknolojia, kwa mavazi, kwa muziki: tafuta kama yupo aliyeamua, kisha chagua.

Unapomkuta mtu anasema mageuzi

Huenda mwalimu wako, mhariri wako au kitabu cha darasa kimeshachagua mageuzi kwa maana ya baiolojia. Wapo wengi. Machapisho ya dini yanayopinga nadharia hii hutumia mageuzi mara kwa mara, na vyombo vya habari pia. Hawajakosea lugha; neno linatumika, na matumizi yana nguvu kuliko hoja zangu. Ukijibizana na maandishi yanayosema mageuzi, fuata neno lao ndani ya nukuu na lako nje ya nukuu, na mara ya kwanza eleza kwamba unazungumzia kitu kilekile. Kisichofaa ni kuchanganya: aya ya kwanza mageuzi, ya pili mageuko, ya tatu mabadiliko, kwa ajili tu ya kukwepa kurudia neno. Msomaji atadhani ni mambo matatu. Katika uandishi wa sayansi kurudia neno si aibu.

Mabadiliko nayo yana kazi yake ndani ya baiolojia, tena kubwa: yatumie kwa hatua ndogo zinazounda mageuko. Mabadiliko katika jeni moja, mabadiliko ya rangi, mabadiliko ya ukubwa wa mdomo wa ndege. Hayo yakirithiwa na kuenea katika kundi zima, yanaitwa mageuko. Mabadiliko ya mtu mmoja yasiyorithiwa, kama ngozi kuiva kwa jua, yanabaki mabadiliko.

Kuhusu sarufi hakuna ugumu mwingi. Mageuko yako katika wingi siku zote, mageuko yametokea, mageuko haya, mageuko ya spishi. Geuko moja halisemwi. Somo lenyewe liite baiolojia ya mageuko, na nadharia iite nadharia ya mageuko. Kimageuko ninaona wengine wakiliandika, kwa mfano "uhusiano wa kimageuko kati ya popo na nyangumi". Linakubalika, lakini "uhusiano wa kinasaba" unasema karibu jambo lilelile kwa neno ambalo msomaji alishalijua.